Majeraha makubwa Tanga: kwa nini kila mtu ana namba yake

Kila basi linapopinduka Segera, au lori linapofeli breki kwenye mteremko wa Soni, mjadala uleule huibuka vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp. Mmoja anasema ajali siku hizi zimezidi. Mwingine analeta taarifa ya polisi inayosema zimepungua. Wa tatu ana shangazi muuguzi, na shangazi kasema wodi imejaa. Wa nne analeta makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na namba yake ni kubwa mara kadhaa kuliko za wote. Baada ya hapo watu huanza kuitana waongo.

Mara nyingi hapo hakuna mwongo. Kila mmoja ameshika hesabu ya kitu tofauti, iliyokusanywa kwa njia tofauti. Ukiuliza majeraha makubwa hutokea mara ngapi katika mkoa kama wetu, umeuliza maswali matatu kwa mkupuo: jeraha kubwa ni lipi, nani anahesabu, na hesabu hiyo inagawanywa kwa watu gani. Ukiteleza kwenye moja, jibu lote linapinda. Na jambo hili haliwahusu wataalamu wa takwimu peke yao. Kwa namba hizi ndipo huamuliwa gari la wagonjwa likae Mkata au Songe, benki ya damu iwe na chupa ngapi, na bingwa wa mifupa apelekwe hospitali ipi. Mkoa usiojua namba zake hupangiwa kwa kubahatisha, na anayelipa ni majeruhi.

Jeraha kubwa ni lipi?

Jeraha, kwa maana ya watu wa afya, ni madhara ya ghafla yanayoupata mwili kutokana na nguvu ya nje: kugongwa, kuanguka, kukatwa, kuungua, kupigwa, kulipukiwa. Ajali ya barabarani ni mlango mmoja tu, ingawa ndiyo yenye picha na sauti. Tanga ina milango mingine mingi. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, kotama kiunoni, akikanyaga vidato vilivyochongwa kwenye shina, na mvua ikinyesha vidato hivyo huwa kama vimepakwa sabuni. Akianguka kutoka juu kule, anaangukia mgongo au kiuno. Kwenye mashamba ya mkonge kuna korona, mashine inayokwangua majani ili kutoa singa, na mkono unaofuata jani kwenda ndani haurudi mzima. Lushoto kuna wapasua mbao wanaoangukiwa na magogo kwenye miinuko mikali. Pwani kuna watu waliopoteza vidole na macho kwa baruti za kuvulia samaki. Nyumbani kuna sufuria ya maji ya moto na mtoto wa miaka miwili.

Sasa, katika hayo yote, lipi ni kubwa? Macho ya mtu wa kawaida hufuata damu na kelele. Daktari wa dharura hufuata kitu kingine. Majeruhi anayepiga mayowe ana pumzi ya kupigia mayowe. Anayemtia daktari hofu zaidi ni yule aliyelala kimya pembeni, ngozi ya baridi, jasho jembamba, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, bila hata mchubuko wa maana. Huyo huenda bandama limepasuka na damu inamwagikia tumboni. Watu wanaosaidia barabarani wakilijua hili, wataacha kumbeba kwanza mwenye kelele na kumwacha wa kimya kwa kudhani amelala.

Kwa sababu macho hudanganya, wataalamu walitafuta vipimo. Kinachotumika zaidi duniani kilitengenezwa mwaka 1974 na Susan Baker na wenzake huko Marekani. Mwili hugawanywa katika maeneo sita, na kila jeraha hupewa alama kuanzia 1, dogo, hadi 6, lisiloponeka. Huchukuliwa maeneo matatu yaliyoumia zaidi, alama ya kila eneo inazidishwa kwa yenyewe, kisha zinajumlishwa. Jumla ya juu kabisa ni 75. Anayezidi 15 huhesabiwa kuwa na jeraha kubwa.

Tupige hesabu moja. Kijana wa bodaboda ameanguka: paja limevunjika, alama 3, mbavu zimevunjika na pafu limepondeka, alama 3, kichwani amepoteza fahamu kidogo, alama 2. Tatu mara tatu ni 9, nyingine 9, mbili mara mbili ni 4. Jumla 22. Ameingia kwenye kundi la majeraha makubwa. Mwenzake aliyevunjika paja peke yake ana 9, kwa hiyo hakuingia, hata kama atalala kitandani miezi mitatu akining'inizwa mguu.

Hapo watu wengi hukasirika, na wana haki. Mfanyakazi aliyekatwa kiganja na korona, kwa kipimo hiki, kwa kawaida hafiki hata 10. Kwa familia yake hilo ndilo jeraha kubwa kuliko yote waliyowahi kuyaona, maana mkono ule ndio uliokuwa ukilisha nyumba. Kipimo hakikudharau mkono wake. Kimeundwa kupima jambo moja, uwezekano wa kufa, na hakisemi lolote kuhusu maisha yatakayofuata kwa aliyepona. Kwa hiyo ukisikia "majeraha makubwa ni machache", uliza kwanza kama waliopoteza viungo wamo. Mara nyingi hawamo.

Kipimo cha Baker kina ugumu mwingine kwetu: kinataka ujue kwa uhakika kilichoumia ndani, yaani upate picha za CT, upasuaji, au uchunguzi wa maiti. Kituo cha afya cha Mkinga hakiwezi kungoja hayo. Ndiyo maana watafiti wa Uganda walitengeneza kipimo chao, kinachoitwa Kampala Trauma Score, kinachotumia umri, shinikizo la damu, kasi ya kupumua, hali ya fahamu na idadi ya majeraha mabaya yanayoonekana. Muuguzi mwenye mashine ya presha na saa ya mkononi anakimaliza. Kwa majeraha ya kichwa kuna kipimo cha fahamu cha Glasgow, nacho cha mwaka 1974, kinachoanzia 3 hadi 15: je, anafumbua macho, anaongea nini, anasogeza viungo vipi. Mwenye 8 kushuka chini ana hali mbaya sana.

Hivyo hata madaktari wawili waaminifu, wakitumia vipimo viwili, watakupa idadi mbili za "majeraha makubwa" kutoka wodi moja siku ileile.

Nyavu tofauti, samaki tofauti

Mvuvi yeyote wa Deep Sea, pale wavuvi wa jijini Tanga wanaposhusha samaki, atakwambia kwamba samaki unaoshusha hutegemea macho ya wavu wako kuliko samaki waliomo baharini. Jarife, wavu wa macho makubwa, halileti dagaa. Anayekuja na jarife akasema bahari ya Tanga haina dagaa, amesema habari za jarife lake. Na hesabu za majeruhi ni nyavu za namna hiyo.

Wavu wa kwanza ni wa polisi. Unakamata matukio ya barabarani yaliyoripotiwa, hasa yale yaliyohusisha chombo zaidi ya kimoja, kifo cha papo hapo, au kesi. Mgema hayumo. Aliyekatwa na korona hayumo. Hata kijana wa boda aliyeanguka peke yake saa tano usiku njia ya Maramba, wenzake wakambeba moja kwa moja nyumbani, hayumo. Na kuna wanaochomoka kwenye wavu baada ya kuingia. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, eneo la Magila Gereza wilayani Korogwe, lori na Coaster iliyokuwa imebeba waombolezaji wakisafirisha maiti kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro viligongana. Taarifa za kwanza zilitaja vifo 17, na idadi ikapanda siku zilizofuata majeruhi wengine walipofariki. Ajali hiyo ilifuatiliwa na nchi nzima, ndiyo maana idadi ilisahihishwa. Yule anayegongwa peke yake Kabuku, akafariki siku ya kumi na mbili hospitalini, ni nani anarudi kituo cha polisi kubadilisha "majeruhi" kuwa "marehemu"? Kanuni ya kimataifa inataka kifo chochote ndani ya siku 30 kihesabiwe kuwa cha ajali ile. Kanuni hiyo inahitaji mtu wa kuifuatilia.

Wavu wa pili ni wa hospitali. Huu unakamata walioumia kwa njia yoyote, ila ni lazima wafike wakiwa hai. Tumfuate majeruhi mmoja wa mfano kutoka kijiji cha ndani Kilindi, aliyeangukiwa na gogo. Anapakiwa kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mjomba anayemshikilia kwa nyuma. Zahanati inamwandika kwenye kitabu cha MTUHA, yaani cha kumbukumbu za huduma za afya, inamfunga bandeji, inampa rufaa. Hospitali ya wilaya inamwandika upya, anapigwa picha, anapewa rufaa nyingine. Anafika Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, zaidi ya kilomita 150 kutoka alipoanzia, na anaandikwa kwa mara ya tatu. Huyo ni mtu mmoja mwenye mistari mitatu katika vitabu vitatu, na mara nyingi chanzo kimeandikwa kwa neno moja tu, "kuvunjika". Anayejumlisha vitabu bila kulinganisha majina atahesabu majeruhi watatu. Na jirani yake aliyevunjika mguu wiki ileile, ambaye familia iliamua kumpeleka kwa mtaalamu wa kuunga mifupa kule Handeni, hana mstari hata mmoja.

Kuna pia suala la PF3. Kwa miaka mingi watu waliamini, na baadhi bado wanaamini, kwamba bila fomu ile ya polisi hakuna atakayemgusa majeruhi. Viongozi wa afya na wa polisi wamesharudia mara nyingi kwamba wa dharura anatibiwa kwanza, fomu inafuata. Lakini imani hiyo ina athari mbili kwa wakati mmoja. Inachelewesha matibabu, na inapotosha hesabu, kwa sababu aliyeumia kwenye ugomvi au kwenye pikipiki isiyo na leseni anaogopa polisi, kwa hiyo atasema ameanguka bafuni, au hatafika kabisa.

Wavu wa tatu una macho madogo zaidi: kupita nyumba kwa nyumba na kuuliza. Watafiti wamewahi kufanya hivyo Dar es Salaam na Hai, na waliwapata watu ambao wala polisi wala hospitali hawakuwa na habari zao. Nao una matundu yake. Nyumba iliyofungwa kwa sababu aliyekuwa akiiendesha amefariki haijibu maswali.

Wa nne si wavu hasa, ni makadirio. Shirika la Afya Duniani linachukua takwimu zilizopo, linaangalia ubora wa kuandikisha vifo, idadi ya magari, hali ya uchumi na mambo mengine, kisha linakokotoa idadi inayoelekea kuwa ya kweli. Kwa mwaka 2016, Tanzania iliripoti vifo 3,256 vya barabarani. Makadirio ya shirika hilo kwa mwaka huohuo yalikuwa 16,252. Tofauti ya mara tano. Tofauti hiyo imewahi kutumiwa kuwatukana askari wa usalama barabarani kwamba wanaficha. Ukishaelewa nyavu, unaona maelezo mepesi zaidi: kuna vifo vingi ambavyo askari hakuitwa, na vingine vilivyotokea baada ya yeye kufunga jalada. Makadirio nayo si kuhesabu miili. Ukweli huenda uko mahali fulani katikati. Tukizitaja namba zote mbili bila kusema zimetoka wapi, tunaachiana mkanganyiko.

Kugawa kwa nani

Tuseme tumekubaliana juu ya kipimo na wavu. Bado "majeruhi 400" haina maana mpaka ujue wametoka kwenye watu wangapi na kwa muda gani. Ndiyo maana wataalamu husema "kwa kila watu 100,000 kwa mwaka". Kwa kugawa hivyo, unaweza kuilinganisha Lushoto na Jiji la Tanga bila kuonea.

Hapa nitatoa mfano wa hesabu, na naomba usomwe kama mfano. Ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ya mwaka 2010 ilisema England ilikuwa na majeruhi wa hali mbaya wasiopungua 20,000 kwa mwaka, na 5,400 kati yao walifariki. England wakati huo ilikuwa na watu milioni 52 hivi. Ukigawa, unapata kama 38 kwa kila watu 100,000. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,615,597 katika Mkoa wa Tanga. Kama kiwango chetu kingekuwa sawa na chao, tungekuwa na karibu watu 1,000 wenye majeraha makubwa kila mwaka, wawili hadi watatu kila siku.

Je, hiyo ndiyo hali ya Tanga? Hapana, na sababu zake zinafundisha kuliko namba yenyewe. England ina wazee wengi, na sehemu kubwa ya majeruhi wao wa hali mbaya siku hizi ni wazee walioanguka kutoka kimo kifupi, hata kwa kujikwaa kwenye zulia. Sisi watu wetu wengi ni vijana, na vijana huumia kwa mwendo kasi, kwa urefu wa mnazi, kwa mashine. Wao wana mikanda, kofia ngumu zinazofungwa kamba kweli, na barabara zenye kingo. Sisi tuna watu watatu na gunia la mkaa kwenye pikipiki moja. Kila kipengele kinavuta namba upande wake. Kuichukua namba ya nchi nyingine na kuivalisha Tanga ni kosa ambalo hata ofisi zenye wasomi hulifanya. Ila mfano huo unatufaa kwa jambo moja: unaonyesha ukubwa wa mambo. Tunazungumzia mamia au maelfu kwa mwaka kwa mkoa, kwa hiyo mtu anayesema ni "ajali moja moja tu" amekosea kwa mbali.

Halafu kuna tatizo ambalo ni letu hasa, la kijiografia. Barabara kuu ya kutoka Dar kwenda Moshi na Arusha inakatiza mkoani kwetu, kuanzia Mkata, Kabuku, Michungwani, Segera, Korogwe hadi Mombo. Wanaopita humo usiku na mchana wengi wao si watu wa Tanga. Waombolezaji wa Magila Gereza walitoka Dar na walikuwa wakielekea Kilimanjaro. Wanapoumia, huletwa hospitali zetu na kuongezwa juu ya mstari wa kugawa, lakini chini ya mstari huo, kwenye idadi ya watu tunaogawia, hawamo. Wakati huohuo, mtu wa Mombo au Lushoto anaweza kupelekwa hospitali ya KCMC, Moshi, na wa Handeni akaishia MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Hao wanahesabiwa huko. Kwa hiyo kuna hesabu mbili halali na tofauti: watu wa Tanga huumia mara ngapi, na hospitali za Tanga hupokea majeruhi wangapi. Anayepanga elimu kwa madereva wa boda wa Muheza anahitaji ya kwanza. Anayeagiza damu na vyuma vya kufungia mifupa anahitaji ya pili. Nimeona mara nyingi zikichanganywa kwenye habari moja, tena kwenye sentensi moja.

Na ukishuka hadi wilaya, namba huanza kucheza. Pangani ilikuwa na watu kama 75,000 kwenye sensa ya 2022. Kwa kiwango kile cha mfano, ingetarajiwa kupata majeraha makubwa 29 hivi kwa mwaka. Lakini 29 ni wastani. Bila chochote kubadilika barabarani, baharini wala mashambani, mwaka mmoja unaweza kuleta 20 na mwingine 38, kwa bahati tu. Gari moja la harusi likiingia mtaroni, mwaka huo utaonekana wa balaa. Vichwa vya habari vya "ajali zaongezeka maradufu" katika wilaya ndogo mara nyingi hutokana na hilo, na vile vya "kampeni yafanikiwa" mwaka unaofuata pia. Kwa wilaya ndogo, angalia miaka mitatu au minne pamoja.

Wodi iliyotulia

Hili ndilo ninalotaka msomaji abaki nalo kuliko mengine yote. Tumezoea kudhani kwamba wilaya inayoleta majeruhi wachache wa hali mbaya hospitali ya rufaa ni wilaya salama. Inaweza kuwa kinyume chake.

Mwaka 1998 daktari Charles Mock na wenzake walichapisha ulinganisho wa miji mitatu: Seattle ya Marekani, Monterrey ya Mexico na Kumasi ya Ghana. Waliwachukua watu walioumia vibaya wote, waliofika hospitali na waliofia njiani. Seattle, katika kila 100, walifariki 35. Monterrey 55. Kumasi 63. Tofauti kubwa zaidi haikuwa wodini. Waliofariki kabla ya kufika hospitali walikuwa 21 kwa 100 Seattle, 40 Monterrey, na 51 Kumasi. Mkuu wa hospitali ya Kumasi aliyehesabu vitanda vyake tu alikuwa haoni zaidi ya nusu ya walioumia vibaya.

Sasa leta picha hiyo kwetu. Majeruhi wa barabara ya Segera ana magari mengi yanayopita, mojawapo litasimama. Aliyeanguka msituni Shagayu au kijiji cha ndani Kilindi atabebwa kwa machela ya miti na kanga, kisha atafute pikipiki, kisha barabara ya vumbi. Mwenye damu inayovuja tumboni hamalizi safari hiyo. Anayefika hospitali ya mkoa kutoka huko ni yule ambaye jeraha lake lilimruhusu kuishi saa sita au kumi. Kwa maana hiyo majeruhi kutoka wilaya za mbali wanaweza kuonekana wachache na wa hali nafuu, na mpangaji akahitimisha kwamba huko hakuna tatizo, na gari la wagonjwa likapelekwa mjini kwa mara nyingine. Hesabu mbaya huzaa mgawanyo mbaya, na mgawanyo huo huzidi kuficha wale ambao hesabu haikuwaona.

Kwa mantiki hiyohiyo, namba zikipanda usikimbilie kulia. Tangu 2021 hospitali nyingi za rufaa za mikoa zimejengewa idara za dharura, EMD. Ukifungua idara ya dharura inayofanya kazi usiku, ukaweka gari la wagonjwa linalotoka kweli, na ukawapa wahudumu fomu nzuri ya kuandikia, idadi ya majeruhi wa hali mbaya walioandikwa itaongezeka. Miongoni mwao watakuwamo waliokuwa wakifia njiani. Ndiyo maana kuwalaumu watumishi kwa sababu "wagonjwa wameongezeka" ni kuwaadhibu kwa kufanya kazi vizuri. Tumeona jambo jema likiwezekana kwa wajawazito na watoto wachanga kupitia m-mama, namba 115, ambapo hata dereva wa kawaida wa jirani anaitwa na kulipwa kumkimbiza mama hospitali. Sioni kwa nini aliyeanguka kwenye mnazi asipate utaratibu wa namna hiyo.

Yanayosemwa vijiweni

"Mabasi ndiyo yanayotumaliza." Basi likipinduka linaua wengi kwa pamoja, ndiyo maana linabaki kichwani. Duniani, zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Hao hufa mmoja mmoja, na mmoja mmoja haingii kwenye taarifa ya habari.

"Ni maradhi yanayotuua, ajali ni chache." Kwa dunia nzima majeraha ya kila aina, yaani barabarani, kuanguka, kuzama, kuungua, vurugu na mengineyo, huua watu milioni 4.4 kwa mwaka, karibu vifo 8 katika kila 100. Ajali za barabarani peke yake ndizo chanzo kikuu cha vifo kwa walio na umri wa miaka 5 hadi 29.

"Ni kadari, hakuna haja ya kuhesabu." Wanaosema hivi wengi husema kwa imani ya kweli, na sina ugomvi na imani. Ila masheikh wetu wenyewe hutufundisha kumfunga ngamia kwanza. Na tumeshuhudia hapahapa pwani: baruti ilikuwa ikilipuka baharini karibu kila siku, serikali ikaisaka kwa nguvu kuanzia 2016, milipuko ikapungua sana. Mkono unaokatwa na baruti hauna nafasi pale ambapo baruti haipo.

Namna ya kupata namba ya kweli

Hakuna wavu mmoja utakaotosha. Njia inayokubalika ni kuziunganisha: orodha ya polisi, vitabu vya hospitali na majibu ya kaya, kisha kulinganisha jina kwa jina, au tarehe, umri na mahali pale jina linapokosekana. Majina yanayoonekana kwenye orodha mbili huonyesha ni kiasi gani kila orodha inakosa. Ikiwa katika majeruhi 100 wa hospitali ni 30 tu ambao polisi wanawajua, basi orodha ya polisi inaelekea kukosa saba katika kila kumi.

Kuuliza kaya nako kuna ufundi wake. Utafiti uliofanyika Ghana miaka ya 1990 ulionyesha kwamba watu husahau haraka majeraha madogo. Ukiuliza habari za mwaka mzima unapata pungufu kubwa, kwa hiyo madogo huulizwa kwa mwezi mmoja hadi mitatu iliyopita. Makubwa hayasahauliki, na kwa hayo unaweza kuuliza miezi 12. Kwa waliofariki nyumbani kuna njia ya kuwahoji ndugu kwa utaratibu maalumu ili kujua chanzo cha kifo, njia ambayo Tanzania imekuwa ikiitumia tangu miaka ya 1990 huko Dar es Salaam, Hai na Morogoro.

Tanga haianzii sifuri. Taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, kituo cha Tanga, imewahi kuendesha ufuatiliaji wa kaya katika vijiji vya Korogwe, wahojaji wakirudi nyumba zilezile kuandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki, pamoja na mahojiano hayo ya ndugu. Kazi ile ilitokana zaidi na utafiti wa malaria, lakini miguu, madaftari na uaminifu wa wanakijiji ni vilevile. Watendaji wa vijiji wanajua nani amekufa na amekufaje, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanajua nani anatembea na magongo na tangu lini. Karatasi ya kuongeza kwenye ziara kama hizo ingekuwa na maswali machache: katika miezi 12 iliyopita, je, kuna mtu wa nyumba hii aliyeumia akashindwa shughuli zake kwa siku 30 au zaidi, au aliyefariki kwa kuumia? Aliumia wapi na kwa kitu gani? Alibebwa na nini, na ilichukua saa ngapi kumfikia mganga wa kwanza? Polisi walijua? Na kama hakupelekwa hospitali, alipelekwa wapi?